Rika na Mpira: Jinsi Klabu Zinavyowagawa Watoto kwa Umri

Mazungumzo yetu ya leo yahusu jambo linaloonekana dogo kwa nje, lakini ndani yake mna haki ya mtoto. Nakusudia kueleza jinsi klabu za mpira wa miguu zinavyowagawa watoto kwa umri, na jinsi zinavyoamua nani acheze katika timu gani. Mifano mingi nitaitoa Marekani na Ulaya, kwa sababu huko kanuni za jambo hili zimeandikwa, zimejaribiwa, na zaidi ya mara moja zimebadilishwa baada ya kuonekana kasoro zake. Mwisho nitarudi kwetu, tuone faida tuwezayo kupata katika maarifa hayo.

Neno rika si geni kwetu. Kwa makabila mengi ya bara, rika ni watu walioingia jandoni msimu mmoja. Nao watu wa pwani husema hirimu. Rika la namna hiyo halikuhesabiwa kwa siku wala kwa mwezi. Vijana waliopishana miaka miwili au mitatu waliweza kuingia pamoja, maana wazee walimtazama kijana mwenyewe: mwili wake, akili yake, na uwezo wake wa kustahimili. Klabu ya mpira haiwezi kufanya hivyo. Hupokea watoto wa watu isiowajua, na timu yake hucheza na timu za miji ya mbali, ambazo nazo haziwajui watoto hao. Kwa hiyo huhitaji kipimo ambacho mgeni yeyote aweza kukithibitisha bila ubishi. Kipimo hicho ni tarehe ya kuzaliwa, iliyoandikwa katika cheti.

Kazi yenyewe hufanywa hivi. Kwanza huchaguliwa siku moja katika mwaka iwe mpaka. Watoto wote waliozaliwa tangu siku hiyo hata mkesha wa siku ile ile katika mwaka unaofuata huwa kundi moja. FIFA, chama kikuu cha mpira duniani, hutumia tarehe 1 Januari katika mashindano yake ya vijana. Kwa mpaka huo, mtoto aliyezaliwa tarehe 1 Januari 2015 na mwenziwe aliyezaliwa tarehe 31 Desemba 2015 ni wa kundi moja, ingawa mmoja amemtangulia mwenziwe karibu mwaka mzima. Lakini aliyezaliwa tarehe 1 Januari 2016 yu katika kundi la chini, ijapokuwa amepishana na yule wa Desemba kwa siku moja tu. Katika klabu za watoto za Uingereza mpaka ni tarehe 1 Septemba, maana mwaka wa shule huhesabiwa tangu siku hiyo, na wakubwa wa mchezo waliona vema watoto wa darasa moja wacheze pamoja.

Kundi la umri si orodha ya majina tu. Ndilo liamualo mtoto atacheza mchezo wa namna gani. Chama kikuu cha mpira cha Marekani kilitangaza kanuni katika mwaka 2015, zikawa za lazima kwa wote mwaka 2017. Kwa kanuni hizo, watoto wa makundi ya chini ya miaka 8 na yaliyo madogo kuliko hilo hucheza wanne kwa wanne. Walio chini ya miaka 9 na 10 hucheza saba kwa saba. Walio chini ya miaka 11 na 12, tisa kwa tisa. Na tangu kundi la chini ya miaka 13 ndipo huanza kucheza kumi na mmoja kwa kumi na mmoja kama watu wazima. Kiwanja, magoli na mpira hukua pamoja na mtoto. Tena watoto wa miaka 10 na chini yake wamekatazwa kuupiga mpira kwa kichwa, ili ubongo wao usidhurike. Sababu ya kupunguza idadi ni wazi kwa mwalimu yeyote. Mtoto mdogo akiwekwa katika kiwanja kikubwa pamoja na wenzi ishirini na mmoja, mpira hupita mbali naye, naye hugeuka mtazamaji aliyevaa jezi. Wakiwa wanne kwa wanne hana pa kujificha: huugusa mpira mara nyingi, hukosea, hujaribu tena, na kwa njia hiyo hujifunza.

Sasa tuulize: mpaka uwekwe siku gani? Hapa Wamarekani wana kisa cha kufundisha. Zamani klabu zao za watoto zilitumia tarehe 1 Agosti, ambayo hukaribiana na mwanzo wa mwaka wao wa shule. Mwaka 2015 chama kikuu kikaamuru mpaka uhamishwe hata tarehe 1 Januari, ili Marekani ifuate hesabu itumikayo katika mashindano ya mataifa. Amri hiyo ilikuwa na maana yake, lakini ilivunja timu nyingi zilizokwisha zoeana. Watoto waliozaliwa kati ya Agosti na Desemba walijikuta wakicheza na wenzi waliowatangulia darasa moja shuleni.

Madhara makubwa yalionekana watoto hao walipofika umri wa kuingia shule za sekondari. Huko Marekani kila shule ya sekondari huwa na timu yake, na katika majimbo mengi mashindano ya wavulana huchezwa majira ya vuli. Msimu huo ulipofika, wale wakubwa wa timu ya klabu walikwenda kuchezea shule zao mpya, na timu ya klabu ikapumzika. Mtoto wa Oktoba, aliyekuwa bado darasa la chini, alibaki hana shule ya kuchezea wala klabu ya kuchezea. Watu wakawaita watoto hao walionaswa, kama ndege aliyenaswa tunduni. Baada ya malalamiko ya miaka mingi, mwezi wa Novemba 2024 chama kikuu kiliviacha vyama vya chini yake vijichagulie mpaka. Mwaka 2025 vyama vitatu vikubwa vya mpira wa watoto, kimoja wao kikiwa AYSO, vilitangaza kwamba kuanzia msimu wa 2026 hadi 2027 mpaka wao utakuwa tena tarehe 1 Agosti. Hesabu iliyowafaa wakubwa wa mashindano ilikuwa haikuwafaa watoto wa mtaani, ambao hupenda kucheza na wale wanaokaa nao dawati moja.

Lakini, wasikilizaji wangu, tusidhani ya kuwa kuhamisha mpaka ni kuondoa shida. Popote uwekwapo, hapana budi awepo mtoto aliye mkubwa kupita wote katika kundi na mwingine aliye mdogo kupita wote. Kwa watu wazima tofauti ya miezi kumi na mmoja si kitu. Kwa mtoto wa miaka minane ni sehemu kubwa ya maisha yake yote. Yule mkubwa amemzidi mwenziwe kimo, nguvu, mbio, na pengine hata ufahamu wa kusikiliza mafundisho. Wawekwe mbele ya mwalimu mgeni kwa saa moja, naye atamwonyesha mkubwa kwa kidole na kusema: huyu ana kipawa. Kumbe alichokiona si kipawa, ni umri.

Ubelgiji ilitokea hali iliyodhihirisha jambo hili kuliko maneno yoyote. Hata mwaka 1997 mpaka wa makundi ya vijana huko ulikuwa tarehe 1 Agosti, na katika vijana waliochaguliwa, wale wa miezi inayofuata Agosti walikuwa wengi kupita kiasi. Mwaka huo mpaka ulihamishwa hata tarehe 1 Januari. Wataalamu wakalinganisha orodha za kabla na za baada, na mwaka 2000 wakachapisha waliyoyaona: sasa waliozaliwa katika miezi ya kwanza ya mwaka ndio walioongezeka katika wateule, na wale wa Agosti na Septemba wakapoteza nafasi waliyokuwa nayo. Fikirini neno hili. Je, vipawa vya watoto wa Ubelgiji vilihama kutoka Agosti hata Januari kwa mwaka mmoja? Haiwezekani. Kilichohama ni mstari juu ya karatasi, na macho ya wateuzi yakaufuata bila wao kujua.

Na kosa la namna hii halikai lilivyo; hukua. Aliyechaguliwa hupewa mwalimu bora, kiwanja kizuri, na michezo mingi na wapinzani hodari. Aliyeachwa hurudi mtaani, na mara nyingi hujiambia kuwa mpira si wake. Baada ya miaka mitatu yule wa kwanza amekuwa hodari kweli, na mteuzi hujisifu kwamba aliona mbali, asijue kuwa yeye mwenyewe ndiye aliyeufanya unabii wake utimie.

Harry Kane, mchezaji wa Uingereza, alizaliwa tarehe 28 Julai 1993. Kwa mpaka wa Septemba alikuwa karibu mdogo kabisa katika kundi lake. Alichukuliwa na klabu ya Arsenal akiwa mtoto wa miaka minane, na baada ya msimu mmoja akaachwa. Sisemi kwamba mwezi wa kuzaliwa ndio uliosababisha aachwe. Lakini kwa hakika mtoto yule wa miaka minane hakuwa amekwisha kuonekana alivyo. Katika Kombe la Dunia la mwaka 2018 ndiye aliyefunga mabao mengi kuliko wote, sita, na mwaka 2023 akawa mfungaji mkuu wa timu ya taifa la Uingereza kupita wote waliomtangulia. Yeye alipata klabu nyingine ya kumlea. Ni wangapi walioachwa wakiwa na umri ule ule wasipate mlango wa pili?

Basi, baada ya umri, klabu hufanya kazi ya pili, nayo ni kumweka kila mtoto katika timu. Hapa ziko njia mbili kubwa. Njia ya kwanza ni ya usawa. AYSO, chama nilichokwisha kitaja, kilianzishwa California mwaka 1964, na kimeshika kanuni mbili zilizo rahisi kukumbuka: kila mtoto acheze angalau nusu ya kila mchezo, na timu zote zilingane nguvu. Walimu huwapima wachezaji wao, na wakati wa kuunda timu mpya hodari hutawanywa pamoja na wale wanaojifunza, ili isiwepo timu ya wafalme na timu ya watumwa. Njia ya pili ni ya mashindano. Klabu huweka siku za majaribio, walimu husimama pembeni na karatasi zao, na watoto hugawanywa katika timu ya kwanza, ya pili na ya tatu. Mtoto aliyewazidi mno wenzi wake aweza kuruhusiwa kucheza na kundi la juu yake. Lakini mkubwa haruhusiwi kushuka kundi la chini, ila kwa idhini maalumu, kwa kuwa huko ataumiza wadogo na kuwanyima nafasi.

Njia hii ya pili si mbaya yenyewe. Mtoto hodari naye anahitaji wenzi wa kumsukuma. Ubaya huingia mteuzi anapotazama mwili akasahau siku za kuzaliwa, na anapoyafanya maamuzi ya mwaka mmoja kuwa hukumu ya maisha. Klabu zenye busara hupima wachezaji mara kwa mara, na kuacha mlango wazi kati ya timu ya pili na ya kwanza, ili mtoto aweze kupanda na kushuka bila aibu.

Tena liko jambo ambalo hata tarehe ya kuzaliwa haiwezi kulieleza. Miili haikui kwa kufuata kalenda. Wasichana kwa kawaida hufikia kasi kuu ya kurefuka wapatapo miaka kumi na miwili, na wavulana kumi na minne. Lakini wako wanaotangulia na wako wanaokawia. Wavulana wawili wa miaka kumi na mitatu, waliozaliwa juma moja, waweza kusimama pamoja, mmoja ana sauti nzito na mabega ya mtu mzima, na mwingine bado ni mtoto kabisa. Kwa ajili hiyo klabu kadhaa za Uingereza zimejaribu kugawa vijana kwa ukomavu wa mwili badala ya miaka. Humpima kijana kimo na uzito, huuliza kimo cha baba na cha mama, na kwa hesabu hukadiria atakuwa na kimo gani akiwa mtu mzima. Kisha huwaweka pamoja wale waliofikia sehemu sawa ya kimo hicho.

Katika jaribio moja, lililoelezwa katika utafiti uliochapishwa mwaka 2018, klabu nne ziliwachezesha pamoja vijana wa miaka 11 hadi 14 waliofikia baina ya asilimia 85 na 90 ya kimo cha utu uzima wao. Wale waliotangulia kukua walisema mchezo umekuwa mgumu, maana nguvu peke yake haikuwatosha tena. Iliwabidi watumie akili na miguu. Wale waliokawia walipata nafasi ya kuonyesha ufundi na kuwaongoza wenzao, jambo ambalo katika kundi lao la kila siku halikupatikana. Njia hii haikufuta makundi ya umri. Hutumika kando yake, kama dawa itumiwavyo pamoja na chakula. Nami naona hapo hekima ya wazee wa jando imerudi kwa mlango mwingine: kumtazama mtoto mwenyewe.

Wala dawa si lazima iwe ya gharama. Uholanzi kulifanywa jaribio lililochapishwa mwaka 2017. Wateuzi wa wachezaji walioneshwa mchezo wa vijana wakaambiwa wawapange kwa uhodari. Wateuzi wa kundi la kwanza hawakupewa habari za umri, nao wakawapendelea wale wakubwa. Kundi la pili walipewa tarehe za kuzaliwa katika karatasi, nao pia wakawapendelea wakubwa. Kujua peke yake hakukutosha. Kundi la tatu waliambiwa kuwa namba za migongoni zimefuata umri, tangu mkubwa hata mdogo. Hao, kwa kuuona umri palepale mpira ulipokuwa ukichezwa, upendeleo wao ulitoweka. Namba za vitambaa tu, zilizopangwa kwa akili, zilifanya kazi ambayo maonyo hayakuweza.

Sasa nirudi kwetu. Katika Afrika shida ya umri imekuwa na sura ya pili, yaani udanganyifu. Mwaka 2019 mashindano ya Afrika ya vijana walio chini ya miaka 17 yalichezwa Dar es Salaam. Timu ya Guinea ilifika fainali, lakini baadaye iliondolewa katika Kombe la Dunia la vijana, kwa sababu ya wachezaji wawili waliokutwa wamezidi umri, na nafasi yao ikapewa Senegal. Mwanzoni mwa mwaka 2023 ilitangazwa kwamba vijana 21 kati ya 30 walioitwa katika timu ya Cameroon ya umri huo walishindwa katika kipimo. Kipimo chenyewe, ambacho FIFA ilianza kukilazimisha katika Kombe la Dunia la vijana la mwaka 2009 huko Nigeria, ni picha ya kifundo cha mkono inayopigwa kwa mashine ya sumaku iitwayo MRI. Huonyesha kama ncha ya mfupa imekwisha ungana kabisa na mfupa wenyewe, jambo ambalo kwa wavulana ni nadra kutokea kabla ya miaka kumi na saba. Haiwezi kutaja siku ya kuzaliwa. Huweza tu kusema kwamba huyu yamkini si mtoto tena.

Watu wengi hulichukulia kosa hilo kama hila dhidi ya wapinzani. Mimi nasema aliyeibiwa kwanza ni mtoto wa nyumbani. Kila jezi anayoivaa kijana wa miaka ishirini katika timu ya watoto ilikuwa ya kijana fulani wa miaka kumi na sita, ambaye jina lake hatutalijua kamwe.

Basi walimu wenzangu, na ninyi wazazi, tufanye nini? Kwanza, mtoto aandikishwe mapema apate cheti, maana bila tarehe hakuna rika la haki. Pili, siku ya kuchagua timu ya shule, mwalimu aandike tarehe ya kuzaliwa kando ya kila jina, na avipange vitambaa vya namba kwa umri kama walivyofanya Waholanzi, hapana gharama. Tatu, katika madarasa yetu watoto wa umri mbalimbali hukaa pamoja, kwa hiyo darasa peke yake lisiwe kipimo cha kiwanjani. Nne, yule mdogo mwenye akili ya mchezo asifukuzwe kwa sababu anaangushwa na wakubwa. Apewe kucheza na wa kimo chake siku moja katika juma, kisha atazamwe tena mwaka ujao, na mwaka unaofuata. Na mkubwa naye asidanganywe kwa sifa. Afundishwe kutumia akili, maana siku moja wenzi wake watamfikia kimo, na nguvu aliyoitegemea haitakuwa yake peke yake.

Wahenga walisema, kutangulia si kufika. Tena wakasema, kawia ufike. Mpaka wa umri ni lazima uwepo, kama ulivyo lazima mstari wa chokaa kiwanjani. Lakini mstari haujui kipawa cha mtu. Kazi ya kukijua ni yetu sisi tuliosimama pembeni, nayo yataka subira.